Draiva ya geti haimo kwenye LTspice: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Wanafunzi wa umeme, mafundi wa inveta na wanaounda kontrola za pikipiki za umeme huniuliza maswali yale yale, na karibu yote huanza hivi: "Nimetafuta IR2110 kwenye LTspice, siioni." Nimeyapanga kuanzia ya msingi hadi yale yanayowakuta wachache. LTspice ni programu ya kuiga saketi kwenye kompyuta, na IR2110 ni chipu ya draiva ya geti. Mifano mingi ni ya IR2110 kwa sababu ndiyo inayoulizwa kuliko zote, ila njia ni ile ile kwa draiva nyingine.

## Kabla ya yote

1. Draiva ya geti ni nini? Kwa nini nisiunge mosfeti moja kwa moja kwenye maikrokontrola?

Mosfeti ni swichi ya kielektroniki, na geti ni mguu wake wa kuiwashia. Geti hilo linafanana na kapasita: mosfeti haiwaki mpaka lijazwe chaji. Mosfeti ya IRF540N inaweza kuhitaji hadi nanokulombu 71. Pini ya maikrokontrola ikitoa miliampea 20, kujaza geti hilo kutachukua kama mikrosekunde 3.5, na muda wote huo mosfeti iko nusu imewaka, inapasha moto tu. Draiva ya ampea 2 inamaliza kazi hiyo kwa nanosekunde zipatazo 36.

Jambo la pili ni mosfeti ya juu katika daraja, yaani mosfeti mbili zilizofuatana, moja juu na moja chini, mzigo ukiwa katikati. Mguu wake wa sosi haukai ardhini, unapanda pamoja na mzigo. Umeme wa ukutani wa volti 230 ukishanyooshwa unafika kama volti 325, kwa hiyo geti la juu linatakiwa lifike kama 336 ili mosfeti iwake vizuri. Hakuna maikrokontrola ya kufanya hivyo.

2. Kwa nini IR2110 haimo?

LTspice ilitengenezwa na Linear Technology, kampuni ambayo tangu 2017 iko ndani ya Analog Devices. Chipu zilizojazwa kwenye maktaba yake ni za kampuni hiyo. IR2110 ilikuwa ya International Rectifier, iliyonunuliwa na Infineon mwaka 2015. Ni chipu ya mtu mwingine, basi. Programu yako haina kasoro, wala huhitaji kuifuta na kuiweka upya.

3. Je, ni lazima niwe na modeli ya draiva (faili la maandishi linaloieleza chipu kwa hesabu)?

Mara nyingi si lazima. Kama unachochunguza ni kichujio, mzigo, transfoma au mpangilio wa mawimbi, weka chanzo cha volteji cha PULSE (kinachowaka na kuzima kwa mpigo) kati ya geti na sosi ya kila mosfeti, chenye rezista ya ohmu 10 mbele yake. Chanzo hicho kinaweza kuelea juu ya volti 325 bila tabu yoyote, kwa sababu ni hesabu tu. Nusu ya wanaonijia wakitafuta modeli huondoka na jibu hili, na kazi yao inakwisha siku hiyo hiyo.

Modeli ya draiva unaihitaji pale swali lako linapomhusu draiva mwenyewe: kapasita ya butstrapu, ile inayolisha upande wa juu, inatosha? Ucheleweshaji unakula pengo lililowekwa kati ya mosfeti mbili? Volteji ya VCC, inayolisha chipu, ikishuka, nini kinazima?

4. Siwezi kutumia draiva nyingine iliyomo kwenye maktaba?

Unaweza, kwa kujifunza. LTC4444 imo na inaendesha nusu daraja, lakini imekusudiwa mifumo isiyozidi volti 100, na ina kinga yake ya ndani inayozuia mosfeti zote mbili kuwaka pamoja. IR2110 haina kinga hiyo. Ukijaribu kwa LTC4444 kisha ukajenga kwa IR2110, kosa la mawimbi ambalo simulesheni ilikuficha litajitokeza mezani kwa kishindo.

## Kutafuta modeli iliyo tayari

5. Nianzie wapi kutafuta?

Anza na ukurasa wa chipu kwenye tovuti ya mtengenezaji. Baadhi ya draiva zina faili la SPICE (lugha ya modeli ambayo LTspice na programu nyingine hutumia) pale, nyingine hazina. Ukikosa, tafuta ndugu yake wa karibu: IR2113 ni IR2110 iliyopandishwa kutoka volti 500 hadi 600, pini zikiwa zile zile.

Faili zinazozunguka mikononi mwa watu zipokee kwa uangalifu. Lifungue kwa kihariri cha maandishi ulisome kabla ya kulitumia. Modeli nzuri huwa na maelezo juu yake yanayotaja pini na kilichoigwa. Usipoelewa hata mstari mmoja, afadhali uandike yako (swali la 10), kwa sababu hutajua inakudanganya wapi.

6. Faili nililopakua limejaa herufi zisizosomeka. Limeharibika?

Huenda limefungwa kwa siri na mtengenezaji. Modeli iliyofungwa kwa ajili ya PSpice, programu nyingine ya simulesheni, haifunguki ndani ya LTspice, na iliyofungwa kwa ajili ya LTspice haitumiki kwingine. Hakuna ujanja hapo. Tumia programu iliyokusudiwa, au andika yako.

7. Modeli ni ya PSpice na inasomeka, lakini LTspice inaikataa. Kwa nini?

Tazama mistari inayoanza na herufi U. Kwa PSpice hizo ni geti za kidijitali. Kwa LTspice, U ni kifaa kingine kabisa, aina ya waya wenye ukinzani na kapasita. Mistari hiyo inabidi uiandike upya kwa vyanzo vya B, yaani vyanzo vinavyofuata fomula unayoandika. Ikiwa iko miwili au mitatu, fanya. Ikiwa ni ukurasa mzima, achana nayo.

## Kuingiza modeli

8. Naiingizaje, hatua kwa hatua?

Weka faili la modeli, tuseme ir2110x.lib, kwenye folda ile ile ulimohifadhi mchoro wako. Usilitie kwenye folda ya maktaba ya LTspice yenyewe, kwa sababu programu ikijisasisha unaweza kulipoteza.

Fungua faili hilo ndani ya LTspice kama maandishi. Bofya kwa kitufe cha kulia juu ya jina lililo kwenye mstari wa .subckt (mstari unaoanzisha modeli na kutaja pini zake), kisha chagua Create Symbol. LTspice itachora kisanduku (alama ya chipu) chenye pini zote na kukihifadhi kwenye kundi la AutoGenerated. Rudi kwenye mchoro, fungua orodha ya vifaa (Component), ingia kundi hilo, chukua chipu yako.

Kisanduku hicho kinakumbuka anwani nzima ya faili kwenye kompyuta yako, na ndiyo maana mchoro unaofanya kazi kwako humgomea mwenzako uliyemtumia. Bofya Ctrl na kitufe cha kulia juu ya chipu, futa anwani iliyo kwenye ModelFile ndani ya alama, kisha andika kwenye mchoro amri `.lib ir2110x.lib`. Tuma faili zote tatu pamoja: mchoro, alama na modeli.

9. Mpangilio wa pini una umuhimu gani?

Ndio roho ya jambo zima. SPICE haisomi majina ya pini, inasoma nafasi. Pini ya kwanza ya alama inaungwa na jina la kwanza kwenye mstari wa .subckt, ya pili na la pili, hivyo hivyo hadi mwisho. Ukichora alama mwenyewe, bofya kila pini kwa kitufe cha kulia uhakikishe namba ya Netlist Order.

Hatari ni kwamba ukibadilisha LIN na HIN (maingizo ya upande wa chini na wa juu) hakuna onyo litakalotokea. Simulesheni itakwenda vizuri tu, na mota itazunguka kinyume.

## Kuandika modeli yako

10. Naweza kuandika modeli ya IR2110 mwenyewe?

Ndiyo, na ningependa kila anayejifunza aiandike angalau mara moja. Chipu nzima, kwa mtu aliye nje yake, ni vitu vinne: kulinganisha ingizo na kizingiti, kuchelewa kidogo, kukataa kuwaka volteji ikiwa ndogo, na swichi mbili kwa kila upande. Hii hapa:

```
.subckt IR2110X LO COM VCC VS VB HO VDD HIN SD LIN VSS
* upande wa juu
B1 a 0 V=if((V(HIN,VSS)>0.5*V(VDD,VSS))&(V(SD,VSS)<0.5*V(VDD,VSS))&(V(VB,VS)>8.4),1,0)
R1 a h 1k
C1 h 0 170p
S1 VB HO h 0 JUU
S2 HO VS 0 h CHINI
* upande wa chini
B2 b 0 V=if((V(LIN,VSS)>0.5*V(VDD,VSS))&(V(SD,VSS)<0.5*V(VDD,VSS))&(V(VCC,COM)>8.4),1,0)
R2 b k 1k
C2 k 0 170p
S3 VCC LO k 0 JUU
S4 LO COM 0 k CHINI
* matumizi madogo na kushikilia maingizo
R3 VB VS 120k
R4 HIN VSS 1Meg
R5 LIN VSS 1Meg
R6 SD VSS 1Meg
.model JUU SW(Ron=6 Roff=1Meg Vt=0.5 Vh=-0.02)
.model CHINI SW(Ron=6 Roff=1Meg Vt=-0.5 Vh=-0.02)
.ends
```

Pini zimefuata mpangilio wa chipu yenyewe ya miguu 14. Miguu ya 4, 8 na 14 haina kazi, nimeiruka. HO na LO ni matokeo ya juu na ya chini, HIN na LIN ni maingizo yake, SD huzima yote mawili. VCC na COM ni umeme na ardhi ya upande wa chini, VB na VS ni vya upande wa juu, VDD na VSS ni vya maingizo.

11. Tarakimu hizo zimetoka wapi?

Zote zimetoka kwenye datashiti. IR2110 huchelewa kama nanosekunde 120 kuwasha. Rezista ya 1k na kapasita ya pikofaradi 170 hufika nusu ya volti kwa 0.693 × 1k × 170p, yaani kama nanosekunde 118. Kuzima kwa kweli ni kama nanosekunde 94, nami nimeacha pande zote mbili sawa kwa urahisi.

Draiva hukataa kuwaka volteji ikiwa chini ya takriban 8.5 na huzima ikishuka hadi 8.2, 8.4 imesimama katikati. Ohmu 6 zimetokana na volti 15 kugawanywa kwa ampea 2.5, mkondo wa kawaida wa tokeo likifungwa fupi. Ile 120k inakunywa mikroampea 125 kwa volti 15, sawa na upande wa juu wa chipu ukiwa umetulia. Vizingiti vya maingizo hupanda na kushuka pamoja na VDD, ndiyo maana nimeandika 0.5 mara VDD badala ya volti maalumu.

Alama ya kutoa kwenye Vh si kosa la uchapaji. Kwa LTspice, Vh hasi huifanya swichi ibadilike polepole badala ya kuruka, na hilo linaokoa machungu ya swali la 16.

Na uangalie herufi: kwa SPICE, 1M ni sehemu moja ya elfu. Milioni ni 1Meg. Nimeona mtu akipoteza jioni nzima kwa sababu rezista yake ya "1M" ilikuwa inafunga ingizo fupi hadi ardhini.

12. Nitajuaje kwamba modeli yangu ni sahihi?

Ijaribu peke yake kabla ya kuipa mosfeti hata moja. VCC volti 12, VDD volti 5, VB iunge na VCC, VS iunge na COM, kapasita ya nanofaradi 1 kwenye HO na nyingine kwenye LO. Leta mawimbi ya kilohetsi 20 kwenye HIN, na kinyume chake kwenye LIN.

Kisha uliza maswali manne. HO imechelewa nanosekunde ngapi baada ya HIN? SD ikipanda, zote mbili zinazima? VCC ikishushwa taratibu hadi volti 8, nini kinatokea? HIN na LIN zikiwa juu pamoja, HO na LO zinawaka pamoja? Jibu la mwisho liwe ndiyo, kwa sababu chipu halisi nayo hufanya hivyo. Ikiwa modeli yako inakulinda hapo, haiigi IR2110.

Kwenye PULSE andika muda wa kupanda na kushuka, mfano 10n. Ukiweka 0, LTspice hujichagulia yenyewe, na huwa ni mrefu kuliko unavyotarajia.

13. Nataka IR2104. Nibadilishe nini?

IR2104, draiva nyingine ya nusu daraja, ina ingizo moja, IN. HO inalifuata, LO inakwenda kinyume. SD yake inazima ikiwa chini, si juu. Na yenyewe huweka pengo la takriban nanosekunde 520 ambalo mosfeti zote mbili zimezimwa: kuwasha huchelewa kama 680, kuzima kama 150.

Pengo hilo unalipata kwa kuchelewesha kuwasha tu. Panua R1 na R2 hadi 5.8k, kisha kila moja iwekee sambamba daiodi kamilifu iliyofuatana na rezista ya 1.6k, daiodi ikiruhusu kapasita imwage chaji kurudi kwenye chanzo. Kujaza kunapitia 5.8k, kumwaga kunapitia zote mbili. Ongeza Ron (ukinzani wa swichi ikiwa imewaka) pia, kwa sababu IR2104 ina nguvu ndogo sana ikilinganishwa na IR2110.

## Makosa yanayojitokeza

14. LTspice inasema "Unknown subcircuit called in". Nimekosea wapi?

Jina kwenye alama halilingani na jina baada ya .subckt, au faili halijasomwa kabisa. Kagua kwanza kama umeandika amri ya .lib. Kisha kagua jina la faili: Windows huficha viambishi, na faili ulilohifadhi kwa Notepad huenda ni ir2110x.lib.txt. Washa uonyeshaji wa viambishi uone.

Ujumbe ukisema idadi ya pini hailingani, alama na .subckt zina hesabu tofauti. Zihesabu kwa kidole. Hizi za kwetu ni 11.

15. HO haipandi. Modeli ni mbovu?

Hili ndilo swali linaloongoza, na karibu kila mara modeli haina kosa.

Kwanza, unapima wapi? HO ukiipima dhidi ya ardhi utaona volteji inayochanganya. Geti linajali tofauti kati ya HO na VS. Bofya waya wa HO, usiachie kitufe, buruta hadi waya wa VS, kisha achia. LTspice itakuchorea tofauti hiyo.

Pili, kapasita ya butstrapu imejaa? Hujazwa kupitia daiodi kutoka VCC pale tu VS inaposhuka karibu na ardhi, yaani mosfeti ya chini ikiwaka. Ukianza simulesheni kwa kuwasha ya juu, kapasita ni tupu, VB haifiki 8.4 juu ya VS, na modeli inakataa kama ilivyoandikwa. Washa ya chini kwanza kwa mikrosekunde chache.

Tatu, ukubwa wake. Gawanya chaji ya geti kwa mshuko unaouvumilia: nanokulombu 71 kwa volti 0.5 ni nanofaradi 142. Hicho ndicho kiwango cha chini kabisa. Mimi huweka mikrofaradi 1. Daiodi iwe ya kasi, kama UF4007. 1N4007 ni nzito kujifunga, na kwa mawimbi ya kilohetsi makumi inarudisha chaji ilikotoka.

16. Simulesheni inakwama na "Time step too small". Nifanyeje?

Kuna kitu kinaruka ghafla mno. Hakikisha Vh ni hasi, PULSE zina muda wa kupanda (swali la 12), na kila geti lina rezista yake. Bado inakwama? Jaribu kubadili Solver kuwa Alternate kwenye mipangilio ya SPICE, au ongeza `.options cshunt=1e-15`, inayoweka kapasita ndogo mno kati ya kila nodi na ardhi.

## Mambo ya pembeni

17. Naweza kuacha mosfeti ya juu imewaka moja kwa moja?

Si kwa butstrapu. Chaji inavuja kidogo kidogo, na 120k ya kwenye modeli itakuonyesha VB ikishuka hadi draiva inazima. Kwa mota inayotakiwa kukaa kwenye asilimia 100, toa chanzo cha kujitegemea kwa VB, au punguza hadi asilimia 95 hivi ili kapasita ipate nafasi ya kujaa.

18. Mimi natumia Proteus au KiCad, si LTspice.

KiCad inatumia ngspice, kwa hiyo wazo ni lile lile, ila usitarajie Vh hasi ifanye kazi kama kwa LTspice. Weka Vh ndogo chanya na uanzie majaribio ya swali la 12. Kwa Proteus, ujumbe wa "No model specified" maana yake umechukua chipu yenye mchoro wa ubao tu, bila hesabu nyuma yake. Tafuta nyingine kwenye maktaba iliyo na modeli, au tumia vyanzo vya swali la 3.

19. Simulesheni ilikuwa safi, lakini mezani mosfeti zimelipuka. Kwa nini?

Yalinikuta. Inveta ndogo, mawimbi mazuri kwenye skrini, na nilipoongeza mzigo mosfeti zote mbili zilipasuka, draiva ikafa nazo. Waya kati ya mosfeti ya chini na ardhi ya draiva ulikuwa na urefu wa kama sentimita 5, nami kwenye mchoro nilikuwa nimeuchora kama mstari usio na kitu.

Sentimita moja ya waya ina takriban nanohenri 10, kwa hiyo ule wa kwangu ulikuwa na 50. Ampea 10 zikikatika kwa nanosekunde 50, nanohenri 50 zinazaa volti 10. VS inavutwa hadi volti 10 chini ya COM, wakati datashiti ya IR2110 inaahidi mantiki kufanya kazi hadi volti 4 tu chini. Modeli ya swali la 10 haijui hilo. Ingefanya kazi hata kwa volti 100 chini ya ardhi.

Weka nanohenri hizo kwenye mchoro, kwenye sosi ya mosfeti ya chini na kwenye njia ya VS, kisha utazame V(VS,COM) pale mosfeti ya juu inapozima. Ikishuka zaidi ya volti 4 chini ya COM, fupisha waya, ongeza rezista ya geti, na sogeza kapasita ya butstrapu hadi iguse miguu ya chipu.